Ghala la mizigo la reli la 1830 Manchester: lilijengwa kabla hata watu hawajajua ghala la reli linatakiwa liweje

Boriti_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Humu kila tukigusa historia ya reli mazungumzo yanaishia kwenye injini tu, Rocket ya Stephenson ilikimbia spidi gani, majaribio ya kushindanisha injini ya Rainhill ya Oktoba 1829, zawadi ya pauni 500, mara yule mbunge William Huskisson aliyegongwa na treni siku ya ufunguzi wa reli akafa usiku wake. Sawa, ni habari nzuri, ila leo naomba injini ikae pembeni tuongelee jengo.

Jengo lenyewe liko Manchester, Uingereza, pale stesheni ya zamani ya Liverpool Road. Ni ghala la mizigo la reli ya Liverpool na Manchester, wamelijenga kati ya Aprili na Septemba 1830 yaani miezi kama mitano hivi, mkandarasi alikuwa David Bellhouse mdogo, na mpaka leo linasimama, ndo linahesabika kuwa ghala la reli kongwe kuliko yote yaliyobaki duniani. Matofali nje, mbao ndani, ukiliangalia haraka haraka unaweza kupita zako tu, halina mapambo ya maana.

Sasa hebu fikiria kazi aliyopewa huyo Bellhouse. Unaambiwa jenga ghala la reli, na hakuna la kuigia. Reli zilizokuwepo kabla yake, hata ile ya Stockton na Darlington ya 1825, kazi yake kubwa ilikuwa makaa ya mawe, na makaa hayahitaji nyumba, unayamwaga chini kutoka kwenye behewa yanasubiri mnunuzi, yakinyeshewa hayaharibiki, na mwizi wa makaa atabeba kiasi gani mgongoni. Hii reli mpya ilikuja kubeba pamba, unga, nafaka, vitu ambavyo vikilowa ni hasara na vikiungua ni hasara, halafu kampuni yenyewe ndo msafirishaji. Reli za mwanzo nyingi zilikuwa kama barabara ya kulipia, unaleta behewa lako na farasi wako unalipa ushuru unapita. Hawa walisema hapana, sisi tunapokea mzigo, tunasafirisha, tunakukabidhi. Ukishapokea mzigo wa mtu lazima uwe na pa kuuweka mpaka mwenyewe aje.

Kwa hiyo wakaangalia jirani. Hatua chache kutoka hapo ni Castlefield, ulikoishia mfereji wa Bridgewater uliofika Manchester miaka ya 1760, na kwenye mifereji hiyo watu walikuwa wameshajua siku nyingi namna ya kujenga ghala: tishari linaingia ndani kabisa ya jengo kupitia tao la ukutani, juu yake kuna matundu sakafuni kila ghorofa, winchi inavuta mzigo moja kwa moja kutoka majini hadi floo unayotaka. Bellhouse akachukua ghala la mfereji akatoa maji akaweka reli. Ndo maana nasema hili jengo siyo la kwanza la aina mpya, ni la mwisho la aina ya zamani limevalishwa reli. Nitaeleza kwa nini, nakuja.

Mama_Ramani

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mkuu usije ukatuacha hewani kama uzi wa madaraja.

kuli_wa_zamani

Mkuu mimi nimefanya kazi godauni miaka mingi, swali langu ni moja tu, mzigo ulikuwa unaingiaje? Maana tishari linaelea unalisukuma kwa mti linaingia lenyewe, behewa la reli halikati kona ya kuingia mlangoni.

Boriti_Kuu

@kuli_wa_zamani hapo umegusa penyewe, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kwanza elewa usawa wa ardhi. Reli inaingia Manchester ikiwa juu, imevuka mto Irwell kwa daraja la mawe, ikavuka mtaa wa Water Street kwa daraja lingine la mihimili ya chuma (lile walilolichora William Fairbairn na Eaton Hodgkinson), halafu inaendelea juu ya matao. Kwa hiyo ilipofika stesheni reli ilikuwa kwenye usawa wa ghorofa ya kwanza ukilinganisha na barabara. Hata abiria ilikuwa hivyo hivyo, unakata tiketi chini halafu unapanda ngazi kwenda kwenye treni.

Bellhouse na waliomchorea wakaitumia hiyo tofauti. Upande mmoja wa ghala mabehewa yanaingia kwenye floo ya katikati, upande wa pili kuna yadi ya chini ambako mikokoteni ya farasi inakuja kupakia. Ukisimama upande wa reli unaona jengo fupi, ukizunguka ukashuka yadini jengo hilo hilo limeongezeka floo nzima. Hakuna ngazi ya kupandisha gunia kutoka chini, hakuna mtu anayenyanyua mzigo kutoka ardhini kwenda kwenye behewa.

Sasa kona. Reli inapita sambamba na ghala, milango imetazama reli. Mbele ya milango waliweka sahani za chuma za kuzungusha, behewa moja linatosha juu yake. Treni ikifika wanafungua mabehewa, linasukumwa moja mpaka juu ya sahani, watu wanaizungusha robo duara, behewa sasa limetazama mlango, linasukumwa ndani kwa mikono au linavutwa na farasi. Mabehewa ya wakati ule yalikuwa mafupi, magurudumu manne, kwa hiyo inawezekana bila shida.

Fuata robota moja la pamba. Limetoka Liverpool, behewa limezungushwa, limeingia ndani mpaka kwenye sakafu ya mbao. Makuli wanalibiringisha nje ya behewa. Kama mwenyewe anasubiri na mkokoteni wake, linafungwa kamba linateremshwa kwenye tundu la sakafu hadi yadini, kazi imekwisha. Kama mwenyewe anangoja bei ipande, kamba hiyo hiyo inalivuta juu kwenye floo ya kuhifadhia linakaa hapo hata miezi, na kampuni inahesabu kodi. Mwanzoni winchi zilizungushwa kwa mikono, 1831 wakafunga injini ya mvuke ya kuendesha winchi, na miaka mingi baadaye ikaja mitambo ya kuendeshwa kwa presha ya maji.

kuli_wa_zamani

Asee! Kumbe kushusha ilikuwa ni uzito wenyewe unafanya kazi. Sisi tulikuwa tunavunja migongo bure.

Kijana_wa_Mvuke

Si wangeingiza injini ndani isukume behewa lenyewe? Mambo ya kuzungusha sahani na farasi ni kupoteza muda tu wakati una locomotive nje inapumua.

Mama_Ramani

Injini ya 1830 imejaa moto tumboni, inatema cheche, unaingiza kwenye jengo la mbao lililojaa pamba? Kijana jamani.

Boriti_Kuu

@Mama_Ramani amemaliza. Injini ilikuwa marufuku kabisa ndani ya ghala. Na siyo hofu ya bure, maana maghala mengine yaliyojengwa jirani muda mfupi baadaye hapo hapo stesheni yaliungua kwenye moto wa 1866. Hili la kwanza likapona.

Nikuongezee lingine, upande wa Liverpool injini haikuruhusiwa hata kukaribia. Mizigo ya kwenda na kutoka bandarini ilipita kwenye handaki la Wapping, zaidi ya kilomita mbili, mabehewa yanashuka kwa mteremko wenyewe na mtu wa breki, kupanda yanavutwa na kamba na mtambo uliofungwa juu kule Edge Hill. Mwisho wa handaki kulikuwa na ghala lingine, na kule mambo yalikuwa kinyume, reli iko chini, ghala liko juu yake, mzigo unavutwa kupitia matundu ya sakafu. Wazo moja, ila ardhi ya kila mahali imeamua nani awe juu nani awe chini.

fundi_mwashi77

Naomba kuuliza la ujenzi. Umesema matofali nje mbao ndani. Floo zote ni mbao? Maana pamba ikijaa uzito wake siyo wa mchezo, na nguzo ya mbao chini ya floo mbili tatu…

Boriti_Kuu

Swali zuri fundi. Kule chini kabisa kwenye mzigo mkubwa kuna nguzo za chuma, kile chuma cha kumimina kwenye kalibu, nyembamba kuliko za mbao na zinaacha nafasi ya mikokoteni kupita. Floo za juu nguzo ni za mbao na boriti za mbao, na jengo limegawanywa kwa kuta nene za matofali zinazokata kutoka mbele hadi nyuma.

Kwenye majengo ya aina hii mbao ina tabia moja wewe unaijua kuliko mimi: ukiisimamisha inabeba uzito mkubwa, ukiilaza halafu ukaikandamiza kwa juu inabonyea. Kwa hiyo balaa linakuwa pale nguzo ya floo ya juu inapokanyaga boriti na boriti inakanyaga nguzo ya chini. Boriti katikati inabanwa kama sandwichi na taratibu inapondeka, floo inashuka. Mafundi wa viwanda vya pamba na maghala ya Lancashire (mkoa uliokuwa na Manchester) walikuwa wanalijua hilo, wakawa wanaweka vifuniko vya chuma kwenye vichwa vya nguzo ili uzito upite kutoka nguzo hadi nguzo bila kuitesa boriti. Teknolojia hiyo haikutoka kwenye reli kabisa, imetoka viwandani na kwenye mifereji. Reli ilileta mzigo tu.

Na wakati huo chuma chote kingewezekana, kulikuwa na viwanda vyenye fremu ya chuma tangu 1797 kule Shrewsbury. Lakini ni ghali na ghala lilikuwa linatakiwa jana. Mimi nadhani haraka ndo iliyochagua mbao.

fundi_mwashi77

Nimekuelewa vizuri sana. Miezi mitano na matofali ya kushikwa moja moja kwa mkono, hao watu hawakulala.

Zuhura_M

Samahani wakuu mnaongea ujenzi tu ila hakuna aliyetaja pamba yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 1830 pamba ya Marekani ni pamba ya mashamba ya watumwa, watu wetu ndo walikuwa wanaichuma. Kila robota lililozungushwa kwenye hizo sahani lina jasho la mtu ambaye hakulipwa senti. Uingereza wamepitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni yao 1833 huku ghala lao linaendelea kupokea pamba ya Marekani mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe kule.

Boriti_Kuu

Dada Zuhura uko sahihi, nilitakiwa nilitaje mimi mwenyewe tangu mwanzo, asante. Ushahidi upo kwenye rekodi kabisa. Treni ya kwanza ya mizigo kutoka Liverpool ilikuja tarehe 4 Desemba 1830, imevutwa na injini inaitwa Planet, mabehewa 18, uzito wote pamoja na mabehewa kama tani 80, na orodha yake inajulikana: marobota na mifuko 135 ya pamba ya Marekani, mapipa 200 ya unga, magunia 63 ya oti ya kusagwa (oatmeal), magunia 34 ya kimea cha pombe. Pamba ndo imeandikwa ya kwanza.

Halafu vita vya Marekani vilipoanza 1861 na meli za kusini kufungiwa bandarini, pamba ikakatika, viwanda vya Lancashire vikafungwa, watu wakakaa na njaa. Jengo lililojengwa kwa ajili ya pamba likabaki linatazama mlango. Ndo unajua lilikuwa limefungwa kwenye kamba gani.

Kijana_wa_Mvuke

Subiri, ghala limekamilika Septemba halafu mzigo wa kwanza Desemba? Miezi mitatu walikuwa wanaweka nini humo?

Boriti_Kuu

Hahaha, kazi ya kwanza ya ghala ilikuwa ukumbi wa sherehe. Siku ya ufunguzi wageni waliandaliwa chakula humo humo ghalani, ila waziri mkuu Duke wa Wellington hakushuka hata kwenye behewa lake, Huskisson ameshagongwa, na umati wa Manchester ulikuwa una hasira naye kisiasa, akala huko huko ndani ya treni akageuza.

Baada ya hapo ikawa abiria tu. Na hapa pana kichekesho, reli yote ilijengwa kwa sababu wafanyabiashara walichoka na wenye mifereji, bei juu na mzigo unachelewa, yaani dhamira ilikuwa mizigo. Lakini walipofungua abiria wakajazana, na miaka ya mwanzo hela ya abiria ilizidi ya mizigo. Mabehewa ya mizigo na injini za kuyavuta zilikuwa bado hazitoshi.

Mpinzani_Rasmi

Mimi nakataa hoja yako kuu mkuu. Unasema hili ni la mwisho la aina ya zamani. Mbona 1852 pale stesheni ya King's Cross London msanifu Lewis Cubitt amejenga ghala kubwa la nafaka, ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake tishari za mfereji zinaingia? Hiyo si ndo mbinu ile ile ya 1830, miaka 22 baadaye? Basi aina ya zamani haikufa.

Boriti_Kuu

Karibu Mpinzani, uzi ulikuwa unakusubiri wewe.

King's Cross nakubali kwamba mbinu ya kuvuta mzigo kupitia sakafu iliendelea. Ila iangalie ramani yake vizuri. Jengo la ghorofa ni la nafaka, ya kukaa. Pembeni zake kuna mabanda mawili marefu ya chini, na hayo ndo ya mzigo unaopita. Cubitt ametenganisha. Mzigo wa kukaa huku, mzigo wa kupita kule.

Hapo ndo udhaifu wa Manchester 1830. Lenyewe limechanganya. Mlango ule ule anapita anayeleta robota la kukaa miezi sita na anayeleta pipa la kuchukuliwa mchana huu. Behewa moja baada ya lingine kwenye sahani, likikwama moja wote nyuma wanangoja. Kwenye mfereji haikuwa tatizo kwa sababu tishari moja linabeba mzigo mwingi na hakuna aliyekuwa na haraka. Reli haraka ndo biashara yenyewe.

Baada ya hapo banda la mizigo la reli likatafuta umbo lake. Nenda stesheni ndogo ndogo za Uingereza za miaka ya 1840 na 1850, hasa za mhandisi Brunel upande wa magharibi, utakuta jengo la chini, floo moja, reli inaingia upande mmoja na kutoka wa pili bila kuzungushwa popote, katikati jukwaa la mbao limelingana na sakafu ya behewa, krani ndogo ya mkono juu yake, upande wa pili mkokoteni unaingia chini ya paa lile lile. Mzigo unavuka mita chache tu, na mvua haiugusi. Hilo ndo banda la mizigo ambalo likasambaa dunia nzima. Halina baba pale Manchester, baba wa lile la Manchester yuko Castlefield.

Mpinzani_Rasmi

Hapo kwenye kutenganisha umenipata kidogo. Ila Darlington je? Stockton na Darlington walijenga lao 1833, lenyewe siyo la ghorofa nyingi.

Boriti_Kuu

Ndiyo, na hiyo inanisaidia mimi siyo wewe 😂 Miaka mitatu tu na tayari wameshusha jengo chini. Saa ile ya kwenye mnara imekuja baadaye, ila mwili wake ni wa kupokea na kutoa mzigo, siyo wa kulimbikiza. Manchester walifunga ndoa na kuhifadhi kwa sababu soko la pamba lilitaka hivyo.

Mama_Ramani

Kama lilikuwa halifai vizuri mbona ndo limebaki? Kawaida kibaya kinavunjwa kinajengwa kingine.

Boriti_Kuu

Bahati mama, na kuachwa. Tarehe 4 Mei 1844 abiria wa Manchester wakahamishiwa stesheni mpya ya Hunts Bank, hii inaitwa Victoria leo. Liverpool Road ikawa ya mizigo tu, miaka 14 baada ya kufunguliwa. Stesheni ya abiria huwa inabomolewa kila kizazi, watu wanataka paa la kioo, hoteli, jukwaa refu. Yadi ya mizigo nani anaijali? Kampuni zikabadilishana, reli yenyewe ikamezwa na kampuni ya Grand Junction 1845, mwaka uliofuata ikawa London and North Western, 1923 LMS (London, Midland and Scottish), 1948 ikawa ya serikali, na muda wote huo ghala linafanya kazi ile ile. Nafasi ilipopungua walijenga maghala mengine pembeni badala ya kulivunja. Yadi ilifungwa 1975, halmashauri ya Greater Manchester ikauziwa stesheni kwa pauni 1, na 15 Septemba 1983 pakafunguliwa makumbusho. Sasa jengo liko kwenye daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria.

Na siyo ghala tu, hata jengo la abiria la 1830 bado lipo, na ile nyumba ya pembeni aliyokuwa anakaa msimamizi wa stesheni ni ya 1808, imeikuta reli inakuja.

Zuhura_M

Lakini si juzi juzi wamelikatia reli? Nilisoma kuhusu ile kona mpya ya Ordsall.

Boriti_Kuu

Ndiyo dada. Ordsall Chord, imeanza kutumika 2017, inaunganisha stesheni za Victoria na Piccadilly kwa kuvuka Irwell pembeni kabisa ya daraja la Stephenson, lile la mawe la 1830. Matokeo yake reli iliyokuwa inaingia makumbusho ikitokea kwenye mtandao wa taifa imekatwa. Kulikuwa na ugomvi mkubwa, mhandisi mmoja mwenye jina kule kwao akaenda mpaka mahakamani kupinga akashindwa.

Mimi hapa nina mawazo yangu na najua wengine mtanishambulia. Treni za Manchester zilikuwa zinakwama kila siku na watu wanahitaji kufika kazini, sawa. Lakini stesheni kongwe kama hii ilikuwa bado imeungwa na reli ile ile iliyoizaa tangu 1830, hilo halirudi ukishalikata. Kuta unaweza kutengeneza, boriti unaweza kubadilisha, ila ghala la reli lisilofikiwa na reli…

Mpinzani_Rasmi

Nakushambulia. Lilikuwa halipokei mzigo tangu 1975. Reli ya kuja makumbusho ilikuwa ya maonyesho. Unawanyima watu treni ya kwenda kazini kwa ajili ya hisia?

fundi_mwashi77

Wangeweza kuchora njia nyingine ikapita pembeni, sema gharama. Mimi nipo na mleta uzi hapa.

kuli_wa_zamani

Hayo ya kona bishaneni ninyi. Mimi nataka kujua zile sahani za kuzungushia behewa, zilitengenezwaje zizunguke na mzigo juu yake bila kukwama? Chini kulikuwa na magurudumu au nini?

Boriti_Kuu

Chini kuna shimo la duara, katikati nguzo fupi inayobeba, na pembeni magurudumu madogo yanatembea juu ya reli ya duara ili sahani isiinamie upande mmoja behewa linapopanda. Ukiweka behewa katikati vizuri watu wachache wanazungusha, ukiliweka pembeni hata kumi hawatoshi, na ndo maana kulikuwa na kibanio cha kufunga sahani ikiwa imelingana na reli, behewa lisije kupanda ikateleza. Uchafu ukijaa shimoni inakuwa ngumu kweli. Shida yao kubwa ilikuja baadaye, mabehewa yalipoanza kurefuka yakawa hayatoshi tena juu ya sahani ndogo, ukitaka behewa refu lizunguke inabidi uchimbe shimo kubwa, na kati ya ghala na njia kuu hapakuwa na nafasi hiyo.